Kuku Wangu Kidimu na Punje za Mtama

Nilikuwa bado mtoto wa miaka tisa, wa kutumwa chumvi kwa jirani na kusahau njiani nimetumwa nini, Nyanya aliponipa kuku wa kwanza kuwa wangu mwenyewe. Alikuwa kuku kidimu. Kwa asiyemjua, kidimu ni kuku ambaye manyoya yake hayalali juu ya mwili kama ya kuku wengine. Yamejikunja kwenda nje, kila unyoya na upande wake, ukimwona utadhani amevalishwa ngozi kinyume. Nilimwita Timtimu, kwa sababu alifanana na mimi asubuhi kabla sijachanwa nywele.

Tulikuwa tukikaa Mkongani, kwenye mikorosho na minazi. Baba na mama walikuwa Diani, mmoja akilinda lango la hoteli na mwingine akifua mashuka, na walipokuja nyumbani siku za mapumziko walikuwa wamechoka hata kuzungumza. Aliyenilea ni Nyanya. Nalisema hilo mapema ili nieleweke: kwangu mimi hakukuwa na mtu mkubwa kuliko yeye duniani, na nilikuwa radhi kupigana na mtoto yeyote aliyesema vingine.

"Huyu si kuku wa kula," aliniambia siku aliponipa. "Kidimu akiwa uani mwako, hakuna mtu atakayekuzikia kitu ukalala nacho. Uchawi ataufukua hata ukizikwa kina cha kaburi. Mtunze."

Habari hiyo haikuwa ya Nyanya peke yake. Majirani wote waliijua. Mwanamke aliyejifungua aliweza kuniita, "Mejumaa, mlete Timtimu atembee uani kwangu kidogo," nami nikambeba kwapani nikijiona mtu wa maana. Timtimu akishushwa alianza kazi mara moja, akipiga ardhi mateke mawili ya nyuma, kisha anarudi hatua moja na kuinamisha kichwa kutazama alichokipata. Kuku wote hufanya hivyo, lakini wa kwangu watu walisimama kumtazama.

Uani mwetu mlikuwa na nyumba ya pili, ya baba yangu mdogo Suleimani na mkewe Mwanatumu. Mama mdogo Mwanatumu alitoka Kinango, upande mkavu, kwa watu wa mifugo, na kwa Nyanya hilo lilitosha kumfanya mgeni hata baada ya miaka sita ya ndoa. Hakuwa na mtoto. Nikirudi chuoni jioni, nikiwa nimekwisha kusoma Kurani, nilipitia kwake. Alinikalisha baina ya magoti yake akanisuka, na huku ananisuka ananifundisha kutazama. Mpaka leo sijui mwalimu aliyemshinda.

"Mnyama hakupewa kitu cha bure," alikuwa akisema. "Tazama jicho la mbuzi. Mboni imelala ubavu, si ya mviringo kama yako. Anakula kichwa chini na bado anamwona anayemjia kwa nyuma." Siku nyingine ilikuwa ng'ombe: ile nundu ni akiba yake ya kiangazi, na ile ngozi inayoning'inia shingoni humsaidia kutoa joto. Alikuwa ameona miaka ya ukame kwao, akajua ng'ombe gani walibaki wamesimama na gani walianguka.

Nikamuuliza kuhusu Timtimu. Ilikuwa mchana wa jua kali, kuku wote wamelala chini ya ghala, midomo wazi, mbawa wamezitanua, wanatweta. Timtimu peke yake alikuwa uani, anachakura.

"Wenziwe wamejifunika blanketi," akasema mama mdogo. "Huyu wako upepo unamwingia mpaka kwenye ngozi. Basi wao wakilala, yeye anakula. Mchwa wote wa adhuhuri ni wake."

"Na uchawi?"

Alicheka kwa sauti ndogo, kama mtu asiyetaka kusikika kwa Nyanya. "Mtu akichimba kutwa nzima, mwanangu, atakosa kufukua kitu kweli?" Kisha akaniambia jambo ambalo nimelibeba mpaka leo. "Lakini mvua ikinyesha, yeye ndiye wa kwanza kufa. Maji hayana kizuizi kwake. Masika yakifika umlaze ndani."

Sikuona ugomvi wowote baina ya maneno yake na ya Nyanya. Mtoto anaweza kula katika vyungu viwili na asiulize kipi cha nani.

Baba mdogo Suleimani alikuwa mkwezi. Alikwea minazi ya watu na ya kwetu, akiangua madafu ya kupelekwa Ukunda. Siku moja ya kiangazi alianguka kutoka kwenye mnazi ulio nyuma ya nyumba yake, na kabla ya watu kufika alikuwa amekwisha kukata roho. Sitaeleza mazishi. Nitasema tu kwamba Nyanya hakulia. Alikaa mkekani akitazama juu ya mnazi ule, siku baada ya siku, na kila aliyekuja kumpa pole alimwambia neno lile lile: "Mnazi huo aliukwea tangu kijana. Leo umtupe?"

Mama mdogo alikaa eda yake, miezi minne na siku kumi, ndani, kwa heshima zote. Ilipokwisha, watu walitarajia atarudi kwao Kinango. Hakurudi. Alisema mumewe amezikwa pale, na mikorosho iliyo upande wa pili wa kijia waliipanda wote wawili kwa mikono yao, basi atakaa. Alilisema hilo kwa adabu, macho chini, akimwita Nyanya mama. Nyanya alijibu, "Haya." Nilikuwepo. Lilikuwa neno moja, na baada ya hapo nyumba mbili zile hazikupelekeana tena chakula.

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa mwisho wa kiangazi kilichofuata. Asubuhi nilipokwenda kumfungulia Timtimu, Nyanya alinizuia. "Muache kwenye tenga. Mwewe wanazunguka leo." Nilitazama mbinguni nisione mwewe, lakini nani angembishia Nyanya? Pumba sikumpa pia, kwa sababu alisema atampa yeye mwenyewe. Jua likapaa, Timtimu akapiga kelele tengani mpaka sauti ikamkauka. Karibu na adhuhuri ndipo Nyanya aliponiambia, "Sasa mfungulie. Na wewe mfuate, usimwache peke yake."

Alitoka mbio kwa njaa. Akaokota kitu mlangoni, akaokota kingine penye jiwe la kufulia, akaendelea hivyo hivyo, kichwa chini, mpaka nyuma ya nyumba ya mama mdogo, ubavuni mwa pipa la maji. Hapo udongo ulikuwa laini. Akaanza. Mateke mawili, anarudi, anatazama, anadonoa kwa haraka mno. Nikasogea nione mchwa gani hao watamu. Hawakuwa mchwa. Zilikuwa punje za mtama mweupe.

Nyumba ile na majirani wote walipanda mahindi. Mtama mweupe ulikuwa wa Nyanya peke yake, masuke aliyoyaning'iniza jikoni juu ya moshi yasiliwe na dumuzi, mbegu aliyoirithi kwa mama yake. Nilikuwa ninazijua punje hizo kama ninavyovijua vidole vyangu. Nilisimama pale nikizitazama zikiingia mdomoni mwa kuku wangu moja baada ya nyingine, na chini yake kikaanza kuonekana kitambaa cheusi kilichofungwa kwa uzi mwekundu.

Nilipoinua macho, Nyanya alikuwa amesimama pembeni mwa nyumba. Hakuwa akitazama shimo. Alikuwa akinitazama mimi.

"Amefukua nini kuku wako, mjukuu wangu?" akaniuliza, kwa sauti ya kutosha majirani wasikie.

Baada ya sala ya alasiri baraza lilikuwa limejaa. Mzee Bakari, mzee wa kijiji, alikifungua kitambaa kwa kijiti. Ndani mlikuwa na kucha, mzizi, na kipande cha kikoi cha marehemu baba yangu mdogo, cha mistari ya kijani ambayo kila mtu aliitambua. Wanawake wakashika vifua. Mzee Bakari alikuwa mtu mpole, sitaki kumsingizia, lakini alipokiona kikoi kile uso wake ulikunjamana. "Kuku hana ugomvi na mtu," akasema. "Akimfukulia mtu ubaya, hana sababu ya kumwonea."

Mama mdogo alikuwa amekaa chini, miguu ameikunja upande, leso ameishika kidevuni. Walimuuliza kama kitu kile ni chake. Akasema si chake. Walimuuliza basi kimefikaje nyuma ya nyumba yake. Akanigeukia mimi.

"Mejumaa, mwanangu. Wewe unamjua kuku wako kuliko sisi sote. Mle shimoni mlikuwa na chakula?"

Hilo tu. Hakusema nani, hakutaja jina. Alikuwa ameniwekea mlango wazi, nami nilikuwa na neno moja tu la kusema. Mkono wa Nyanya ulikuwa begani kwangu, haukunibana, ulikaa tu, wa moto. Watu wazima wote wakanitazama.

"Hamkuwa na kitu," nikasema.

Mama mdogo aliinamisha kichwa kama anayekubali. Wakakata shauri kwamba aondoke, na ndugu yake aje kumchukua alfajiri. Hakuna aliyetaja kwenda kwa chifu. Walijiona wamemfanyia wema, kwa sababu mahali pengine angepigwa.

Wakati watu wanatawanyika, mama mdogo amekwisha kuingia kwake, Nyanya alimpa Mzee Bakari kisu. "Kidimu akishafukua, kazi yake imekwisha," aliniambia. "Ukimwacha, ule ubaya atautembeza nyumba nzima." Nililia mpaka nikapaliwa, nikamshika Nyanya leso. Yeye ndiye aliyeniambia si kuku wa kula. Nilimkumbusha. Akanibandua vidole taratibu na kuniambia maji yamekwisha kuchemka, nikamnyonyoe.

Kusafisha kuku ilikuwa kazi yangu tangu nikiwa na miaka saba, na siku ile niliifanya kwa machozi na kamasi. Manyoya yale yaliyojikunja yalitoka kwa urahisi. Nikafika kwenye kile kifuko cha chini ya shingo, ambamo kuku huweka chakula kabla hakijashuka kwenye firigisi kusagwa. Kuku hana meno. Amepewa kifuko kile ili ale haraka palipo na hatari na asage baadaye palipo na amani. Mama mdogo ndiye aliyenifundisha hayo, baina ya magoti yake.

Timtimu hakupata muda wa kusaga. Nilipokikata kile kifuko, mtama ulimwagika kiganjani kwangu, mzima, mweupe, unang'aa kama umetoka sukeni sasa hivi.

Jua lilikuwa halijazama. Nyumba ya mama mdogo ilikuwa pale pale, mlango wazi, namwona amenipa mgongo akikunja nguo zake na kuzitia kwenye gunia. Mzee Bakari alikuwa bado kijiani, anazungumza na jirani. Nilikuwa na ushahidi mkononi ambao hata mtoto angeweza kuueleza bila kufungua mdomo. Nilichotakiwa ni kutembea tu.

"Nipe," akasema Nyanya nyuma yangu.

Sikumpa mara moja. Nataka lihesabiwe hilo, kama kuna anayehesabu. Alichuchumaa mbele yangu, uso kwa uso, na kwa mara ya kwanza tangu mwanawe afe niliona machozi machoni mwake.

"Wewe ni wangu au ni wake?"

"Wako," nikasema.

Aliuchukua mtama akautupa motoni. Punje zikapasuka moja moja kwa kelele ndogo, na mimi nikazisikiliza mpaka ya mwisho. Usiku tulipokula Nyanya alinipa firigisi, kipande ambacho hakijawahi kupewa mtoto nyumbani kwetu, na juu yake paja. Nilikula. Nilikuwa na njaa, na nyama ilikuwa tamu, na hilo ni moja ya mambo ambayo sijajisamehe.

Alfajiri ndugu yake alikuja na pikipiki. Mama mdogo alipita mlangoni kwetu na gunia lake, akasimama. Nyanya alikuwa ndani, kwenye mswala. Mimi nilikuwa kizingitini.

"Mwanangu," akaniambia, "masika yanakuja. Usisahau kumlaza Timtimu ndani."

Hakujua kuwa amechinjwa. Walikuwa wamemfungia mlango wa mazungumzo yote, hakuna aliyemwambia. Nikasema, "Ndiyo, mama mdogo." Akanipangusa usingizi usoni kwa ncha ya leso, akapanda pikipiki.

Nimekuwa mtu mzima sasa. Ninafuga kuku wa kienyeji Ukunda, nyuma ya nyumba ninayokodi, na majiko ya hoteli za Diani yananijua. Nina vidimu kadhaa. Watu huja kuniuliza bei yao, wengine kwa kunong'ona, nami huwaambia hawauzwi. Akija mama mwenye wasiwasi na mtoto mgonjwa, namwonyesha kidimu anavyochakura jua likiwa utosini huku wenziwe wakitweta kivulini, ninamweleza habari ya manyoya na upepo, kisha namwambia ampeleke mtoto zahanati. Wengine hunisikiliza. Wengine hunitazama kama ninaficha dawa.

Nyanya nilimuuliza mara moja tu, mwaka aliokufa. Alikuwa amepofuka, ananipapasa mikono ili ajue ni nani.

"Nyanya, ule mtama uliuweka wewe."

Hakujifanya hakumbuki. "Mwanangu alikufa, Mejumaa," akasema. "Mtu hafi hivi hivi. Nilijua ni yule mwanamke, sikuwa na cha kuwaonyesha watu tu." Kisha akaongeza, bila ukali wowote, "Na wewe uliona. Mbona hukusema?"

Nilikuwa nimekwenda pale na hasira ya miaka yote hiyo, nikitaka akiri kwamba alinisaliti: kwamba alimlea kuku wangu na mapenzi yangu kwa ajili ya siku moja. Alikiri, kwa namna yake. Lakini alinigawia na mimi fungu langu, kama alivyonigawia firigisi.

Baada ya arubaini yake nilimchukua mtetea mmoja kidimu, mzuri, mwekundu, nikaenda Kinango kumtafuta mama mdogo. Nilimpata. Amezeeka, anaishi kwa ndugu yake, ana mbuzi wake wachache. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanikaribisha mkekani, akanipa maji ya kunywa. Tuliongea habari za mvua na za barabara. Mchana alileta wali na mchuzi wa kunde, tukala pamoja. Alimpokea yule kuku, akamshika mapajani, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kifuko cha shingo, kama unavyokwenda mkono wa mtu aliyezoea.

"Ameshiba," akasema. "Umemlisha nini?"

"Mtama," nikasema. "Mtama mweupe, mama mdogo. Kama ule uliokuwa shimoni."

Aliendelea kumpapasa kuku. "Punje moja ilibaki ukingoni," akasema. "Niliiona mlipokwisha kuwaita watu. Nilijua tangu hapo."

"Mbona hukuwaonyesha?"

"Neno langu lingekuwa na uzito gani siku ile? Nilitaka liwe lako."

Nililia mbele yake kama nilivyolia siku ile. Nilimwomba radhi, mara mbili, tatu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kwa utulivu, bila kunikatiza. Kisha akanirudishia kuku mikononi. "Nenda naye. Mimi kuku sifugi tena."

Jua lilipopungua alinisindikiza mpaka barabarani, akanichagulia boda boda ya kijana anayemfahamu, akamwambia aendeshe polepole. Akanishika mkono. "Haya, Bi Mejumaa," akasema. "Ufike salama."

Nilirudi Ukunda na kuku mapajani. Tangu asubuhi hakuwa ameniita mwanangu hata mara moja, na mimi nilikuwa nimekaa kwake kutwa nzima nikilingoja neno hilo.